Koti Hupimwa kwa Bitana

Mwaka 2025 nyumba kubwa za mitindo za Ulaya zilibadilisha wabunifu kama klabu za soka zinavyobadilisha makocha baada ya kufungwa mfululizo. Matthieu Blazy aliingia Chanel. Jonathan Anderson akakabidhiwa Dior yote, ya wanaume, ya wanawake na ile ya kushonewa kwa kipimo, mzigo ambao hakuna aliyewahi kuubeba peke yake tangu Christian Dior mwenyewe. Demna akatoka Balenciaga akaenda Gucci, na Pierpaolo Piccioli akakalia kiti alichokiacha. Louise Trotter akaenda Bottega Veneta, Glenn Martens Maison Margiela, Dario Vitale Versace. Maonyesho ya Septemba na Oktoba yalipokwisha, kila anayefuatilia mitindo, kuanzia wahakiki wa Paris hadi vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaochambua mavazi kwenye simu zao, alikuwa na swali moja mdomoni: nani ameshinda?

Naliona swali hilo limekaa vibaya. Anayeliuliza ameshakubali kwamba nyumba hizi ziliugua uhaba wa ubunifu na kwamba dawa yake ni mbunifu mpya. Mimi nasema ziliugua bei. Kwa takriban miaka mitano zilipandisha bei bila kuongeza kazi iliyomo ndani ya nguo na mkoba. Wateja wakaona, wakaondoka kimyakimya. Mbunifu, hata awe na kipaji cha namna gani, anaweza kubadilisha kinachoonekana jukwaani. Hana mamlaka juu ya pengo lililopo kati ya anacholipa mteja na anacholipwa mshonaji. Na mavazi ya msimu ule ukiyapima kwa pengo hilo, orodha ya walioshinda na walioshindwa inabadilika.

Tuanze na hesabu. Mkoba wa Chanel wenye kifuniko na mnyororo, ule wa ukubwa wa kati, ulikuwa ukiuzwa karibu euro 5,000 mwaka 2019. Mwaka 2024 ulivuka euro 10,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 25 za Tanzania. Ngozi ni ile ile, mishono ya miraba ni ile ile, mnyororo ni ule ule. Chanel haikuwa peke yake. Wakati wa Uviko matajiri walikaa ndani na pesa zao, na walipofunguliwa milango walinunua bila kuuliza. Nyumba zikaona kila zikipandisha bei foleni haipungui, basi zikapandisha tena. Kisha foleni ikapungua. Kampuni ya ushauri ya Bain ilikadiria mwaka 2024 kwamba soko la anasa lilikuwa limepoteza wateja wapatao milioni 50 ndani ya miaka miwili. Mauzo ya Chanel ya mwaka huo yalishuka hadi dola bilioni 18.7, na faida ya uendeshaji ikaporomoka kwa asilimia 30. Gucci, iliyouza euro bilioni 10.5 mwaka 2022, iliuza bilioni 7.65 mwaka 2024. Kudorora kwa China kulichangia, sina sababu ya kulificha hilo. Lakini wengi katika wale milioni 50 si mabilionea wa Shanghai. Ni wale waliokuwa wakijinyima ili wanunue mkoba mmoja kila baada ya miaka kadhaa, wakaamini wananunua kitu cha kuwarithisha binti zao.

Walichokuwa wakikiamini niliwahi kukiona kwa macho. Nina fundi Kariakoo ninayemwendea kwa miaka mingi. Siku moja mama mmoja alimletea koti la zamani la Chanel, zawadi ya mwajiri wake aliyekuwa akirudi Ulaya, apunguziwe mikono. Fundi hakuitazama lebo. Aliligeuza koti ndani nje, akapitisha kidole kwenye pindo la chini, akasimama. Kwenye ukingo wa bitana kulikuwa na mnyororo mwembamba wa rangi ya dhahabu, umeshonwa kwa mkono kuzunguka koti zima. Aliliinua koti kwa mabega, akalitikisa, likaanguka wima bila mkunjo. "Wameliwekea uzito," alisema, "lisipande mtu akikaa." Kisha akanionyesha bitana yenyewe: ilikuwa imeshikizwa kwenye twidi kwa mistari ya mishono iliyojificha katika mistari ya kitambaa, kiasi kwamba kwa nje huoni hata uzi mmoja. Alikaa nalo muda mrefu kabla ya kuthubutu kutia mkasi.

Koti lile lilikuwa ghali tangu siku liliponunuliwa, lakini ughali wake uligusika. Na sisi tuliokulia kwenye mitumba tunalielewa jambo hili bila kusomea. Mnunuzi wa Karume au Gikomba hadanganyiki na mbele ya nguo. Anaigeuza, anavuta mshono, anachungulia kwapani, anapapasa kola, ndipo anaanza kupatana. Ni mkono ndio unaoamua. Nashangaa kwamba watu hao hao, yakija mavazi ya Paris, tunaacha mkono nyumbani na kuhukumu kwa picha.

Sasa liweke koti lile kando ya nyaraka za mahakama ya Milan za Juni 2024. Kampuni tanzu ya Dior iitwayo Manufactures Dior iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama baada ya wachunguzi kukuta kazi yake ikifanywa katika karakana za Wachina kwenye viunga vya Milan. Wafanyakazi walilala humo humo. Vifaa vya usalama vilikuwa vimeondolewa kwenye mashine ili kazi iende kasi. Matumizi ya umeme yalionyesha kwamba watu walishona usiku na sikukuu. Karakana moja ililipwa euro 53, karibu shilingi laki moja na nusu, kuunganisha mkoba uliouzwa dukani kwa euro 2,600. Miezi miwili kabla yake ilikuwa kampuni ya uzalishaji ya Armani. Julai 2025 ikafika zamu ya Loro Piana, nyumba ambayo jina lake lote limejengwa juu ya ubora wa sufu.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Dior ililaani vitendo hivyo, ikasema wakandarasi waliificha ukweli, na usimamizi wa mahakama ukaondolewa kabla ya muda, Februari 2025. Wala euro 53 si gharama yote ya mkoba: humo hakuna ngozi, hakuna vyuma, hakuna mshahara wa mbunifu, hakuna kodi ya duka la Avenue Montaigne, mtaa wa maduka ya kifahari ya Paris. Yote hayo nayakubali. Lakini hata ukiyajumlisha, jambo moja halitoki: katika hesabu nzima, kazi ya mkono ilipatiwa bei ndogo sana, nayo ndiyo inayopigwa picha kwenye matangazo, mzee mwenye miwani na sindano, taa imemwinamia. Mteja aliuziwa mkono ule. Aliyeshona alikuwa mwingine.

Ndiyo maana niliyatazama maonyesho ya 2025 nikitafuta kitu kimoja: nani kati ya wabunifu hawa ameirudia kazi ya ndani, na nani amebadilisha sura tu.

Blazy aliirudia. Tarehe 6 Oktoba, ndani ya ukumbi wa Grand Palais mjini Paris, chini ya sayari kubwa zilizoning'inizwa kwenye dari, hakuanza na mkoba wala na herufi mbili za Chanel. Alianza na nguo za kiume zilizokatwa upya, suruali na koti fupi, kwa kumbukumbu kwamba Gabrielle Chanel mwenyewe aliazima nguo za mpenzi wake Boy Capel. Mashati yalishonwa na Charvet, mafundi mashati wa Paris wa tangu karne ya 19, na kwenye pindo la shati kulikuwa na mnyororo ule ule wa koti. Wengi waliuona kama pambo. Mimi nilimkumbuka fundi wangu akilitikisa koti, nikajua kwamba mtu huyu amefungua nguo za zamani akazisoma kwa vidole. Twidi yake ilikuwa nyepesi, karibu na kufumuka pembeni, na bado ilikaa mwilini. Mwisho alitoka Awar Odhiang, binti aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi Ethiopia kwa wazazi wa Sudan Kusini na kukulia Canada, amevaa fulana ya hariri na sketi kubwa ya manyoya ya rangi nyingi, akitembea kwa kucheza na kucheka hadi ukumbi mzima ukasimama. Fulana na sketi ile pamoja ndiyo hoja nzima: kitu chepesi kabisa na kitu kilichokula saa zisizohesabika, na vyote viwili vinavalika kwa furaha. Chanel ina bahati kwamba mikono ya kazi hiyo bado inayo. Nyumba za kudarizi na za manyoya kama Lesage na Lemarié ni zake, zimekusanywa katika jengo la Le19M ukingoni mwa Paris. Nina ugomvi na kitu kimoja, mkoba maarufu wa Chanel uitwao 2.55 aliouponda makusudi uonekane umetumika miaka. Mkoba wa maelfu ya euro hauwezi kununua uzee wake dukani. Uzee wa mkoba ni wa mwenye mkoba.

Dior ndipo ninapotofautiana na umati. Anderson ni mwerevu, labda mwerevu kuliko wote, na kaptura zake za wanaume za Juni, zenye mikunjo mingi nyuma iliyotokana na gauni la Dior la miaka ya 1940, zilikuwa kazi ya ukataji kweli kweli. Lakini kwa wanawake, Oktoba, alilichukua koti la Bar, lile koti maarufu la Christian Dior lenye kiuno chembamba, akalifupisha na kulibana likawa la kuvaliwa juu ya sketi ndogo sana. Koti la Bar la Februari 1947 halikuwa umbo tu. Lilisimama kwa sababu ya kilichojificha chini ya kitambaa: kiuno kilichojengwa na nyonga zilizojazwa pedi, zikashonwa hadi nguo ikawa kama chombo. Ukilipunguza likabaki kivuli chake, umeweka utani mzuri mahali palipokuwa na ufundi. Kwa nyumba nyingine ningelipita. Kwa Dior, baada ya zile euro 53, nilitarajia mavazi yanayomwambia mteja: tazama ndani.

Gucci ya Demna ilinihuzunisha. Alitoa picha 37 za wahusika, kila mmoja na jina lake la utani la Kiitaliano, kila mmoja amevaa kumbukumbu fulani ya Gucci, na nguo zikaingia katika maduka machache papo hapo. Ni maigizo mazuri ya watu matajiri. Lakini mtu huyu ametoka Balenciaga, ambako chini yake uliuzwa mwaka 2017 mkoba wa ngozi wa bluu uliofanana na mfuko wa bei rahisi wa maduka ya samani ya IKEA, kwa zaidi ya dola 2,000, na mwaka 2022 mfuko wa ngozi mfano wa mfuko wa taka kwa dola 1,790. Kabla yake, mwaka 2007, Louis Vuitton ilitoa mkoba wenye miraba ya ule mfuko wa nailoni tunaouita shangazi kaja. Wapo wanaosema hiyo ni heshima kwa vitu vya watu wa kawaida. Sikubaliani nao hata kidogo. Shangazi kaja hubeba blanketi, unga na sufuria za mtu anayehama. Uzuri wake ni kwamba unabeba kila kitu kwa bei ya nauli ya daladala chache. Ukiufanya wa ngozi ukauza kwa maelfu ya dola, kinachouzwa ni bei yenyewe, na furaha ya mnunuzi ni kujua kwamba mwenye mfuko wa asili hawezi kuugusa. Huo ndio mlango ambao nyumba za anasa zilipitia kuingia kwenye shida ya leo.

Kwangu mimi toleo bora la msimu lilikuwa la Piccioli, ndani ya Balenciaga hiyo hiyo. Alifungua na kumbukumbu ya gauni la gunia la mwaka 1957, gauni linalokaa mbali na kiuno na kuacha hewa izunguke mwili. Kwa picha ni nguo nyeusi tu. Muulize fundi yeyote atakwambia: nguo inayobana ni rahisi, kwa kuwa mwili unaishikilia; nguo inayosimama yenyewe katikati ya hewa inaishi kwa mkato na uzito wa kitambaa peke yake. Piccioli ndiye aliyekuwa Valentino akayapa mavazi ya kushonewa kwa kipimo majina ya washonaji walioyashona, akawaleta jukwaani kupokea makofi pamoja naye. Mtu wa namna hiyo hajifunzi leo kwamba nguo ina mikono.

Kuna hoja nzito dhidi yangu na siwezi kuiruka. Mbunifu Alessandro Michele alipoichukua Gucci mwaka 2015 iliuza euro bilioni 3.9, kufikia 2019 ilikuwa bilioni 9.6. Hakukuwa na mapinduzi ya ufundi pale. Kulikuwa na mtu mmoja, maono yake, nyoka, nyuki na maua, na dunia nzima ikataka kuvaa. Basi mbunifu ana nguvu, na anayesema hana anajidanganya. Ninachosema ni kwamba nguvu hiyo huleta watu mlangoni. Kinachowafanya warudi mara ya pili, wakati mtindo umepoa na kiatu kimevaliwa mwaka mzima, ni kile kiatu kilivyovumilia. Gucci ilileta umati, kisha ikaupandishia bei wakati umati umeanza kuchoka. Alipoondoka Michele hakukuwa na sababu ya kubaki.

Wengine husema bei ya anasa haijawahi kuhusiana na gharama. Kazi yake ni kuwazuia wengi wasiingie, na mfano wao ni Hermès. Kwa kweli Hermès ndiye shahidi wangu. Mwaka 2024, wengine wakilia, iliuza euro bilioni 15.2, zaidi ya mwaka uliotangulia, na Aprili 2025 thamani yake sokoni iliipita LVMH nzima, kampuni inayomiliki Dior na Louis Vuitton, kwa muda. Haikubadilisha makocha. Nadège Vanhee anabuni nguo za wanawake tangu 2014. Véronique Nichanian alibuni za wanaume tangu 1988, na kustaafu kwake kulitangazwa Oktoba 2025 tu. Mkoba wa Birkin hushonwa na fundi mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwaka 2021 kampuni ilifungua shule yake ya kufundisha mafundi ngozi. Mchezo wao wa kumfanya mteja asubiri na kununua vitu vingine kwanza siupendi. Lakini bei zao zina kitu cha kuziegemeza.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi mitaani kwetu: kwamba yote ni ulaghai, mikoba yote inatoka China, na feki ya laki mbili ni sawa na ya halali. Ilipata nguvu Aprili 2025 kwa video za viwanda vya China vilivyodai kuwa ndivyo vinavyozitengenezea nyumba hizi mikoba. Madai mengi hayakuwa na ushahidi. Kesi za Milan zilihusu karakana zilizoko Italia, chini ya sheria za Italia, na kosa halikuwa utaifa wa washonaji. Baadhi yao walishona vizuri sana. Kosa lilikuwa mazingira na malipo yao. Anayejibu dhuluma hiyo kwa kununua feki amekwenda kwa mwajiri ambaye hata mahakama haiwezi kumfikia. Feki inaiga lebo, rangi na umbo, yaani yale yale yanayoonekana kwenye picha. Igeuze ndani nje uone.

Kama nimepatia, basi tutaona mabadiliko ya makocha yakizidi kwenda kasi. Vitale aliteuliwa Versace Machi 2025, akaonyesha mkusanyiko wake wa kwanza Septemba, toleo lenye joto na ujasiri wa rangi, na Desemba, Prada ilipokamilisha kuinunua nyumba hiyo kwa euro bilioni 1.25, akaondoka. Mkusanyiko mmoja. Hakuna fundi anayejifunza mkono wa mbunifu kwa mkusanyiko mmoja, na hakuna mteja anayejenga mapenzi kwa miezi mitatu.

Na hili linatuhusu hapa, kwa sababu wabunifu wetu chipukizi wanaiga nyumba hizi, nao wanaiga upande usiofaa. Nimeona chapa changa zikianza na nembo, picha na onyesho la taa, huku nguo zenyewe zikitawanywa kwa mafundi wa vichochoroni wanaolipwa kwa kipande, kila mmoja akikimbia amalize. Bei inawekwa kwa kutazama Instagramu. Paris ilichukua zaidi ya miaka 70 kujenga jina kabla ya kuanza kulitafuna. Sisi tunataka kulitafuna kabla ya kulijenga.

Fundi wangu wa Kariakoo analipwa kupunguza mikono ya koti bei ile ile, liwe la polyesta au la mnyororo. Alikuwa na wanafunzi watatu. Wa mwisho, kijana mwenye mkono mzuri aliyekwisha kujua kutoboa tundu la kifungo na kulizungushia uzi kwa mkono, aliondoka mwaka jana akaingia kwenye bodaboda kwa sababu kule anapata pesa kila jioni. Mashine yake bado ipo pale pale dukani, imefunikwa kitambaa.